Wako Milele, kwa Kiingereza

3 Februari

Mke wangu wa mbali,

Marahaba. Najitangulizia kuitika, maana nakujua, utaanza na habari za hali ya hewa na shikamoo yangu itasahaulika. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika na la kulia linalisikiliza. Baba yako mdogo amepata mtoto wa nne, wa kike, na wanasema amefanana na mimi. Maskini mtoto. Paka wako amehamia nyumba ya pili, amepewa jina jipya, na tukikutana njiani ananipita kama mtu ambaye hatujawahi kulala chini ya paa moja. Nakwambia mapema ili ukirudi Juni usije ukamwita barabarani ukaaibika.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Mama Mikate wa kona ile ya duka la dawa? Mumewe, yule karani wa ofisi ya maji, alifariki mwaka juzi, na sasa mjane amekuja kutaka jiwe. Nimechonga mawe ya makaburi miaka arobaini na moja na sijawahi kumwogopa mteja, lakini huyu ametaka Kiingereza. Anasema marehemu alimaliza kila barua ya ofisi kwa maneno yale ya makarani, "Yours faithfully", yaani wako mwaminifu. Maisha yote mtu alikuwa wa watu asiowajua. Sasa mama anataka jiwe liseme kwamba ni wake yeye, na ni milele.

Akaniuliza milele kwa Kiingereza ni ipi. Nikamwambia nina mke mtaalamu ng'ambo, nitamuuliza. Basi niulizie. Nataka neno ambalo wenye lugha yao hawatalicheka, na kama inawezekana lisiwe na S nyingi. S ni nyoka, inakataa tindo.

Mumeo mzee,
Babu

26 Februari

Mume wangu mzee, shikamoo. Umeona? Sijasahau.

Mimi sijambo. Karakana yetu ya miwani imehamia ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu, kwa hiyo nakata lenzi za watu nikiwa nahema. Dirisha langu linatazama ukuta wa matofali mekundu. Nimeyahesabu upande mmoja, nikaacha.

Swali lako limenifurahisha mpaka nikawauliza wenzangu wakati wa chai, wakabishana mpaka chai ikapoa. Hawa watu wana milele nyingi, babu, na hakuna hata moja wanayoiamini. "Forever" ndiyo ya kila siku. Wapenzi wanaitumia, na mtu aliyesubiri basi dakika ishirini pia anasema amesubiri "forever". "Eternal" ni ya wahubiri, ukiitamka lazima usimame wima. "Everlasting" ni ndefu na ina kigeugeu ndani yake: ile "last" maana yake kudumu, na maana yake vilevile ya mwisho. Sijui walifikaje hapo. "Permanent" ni ya ofisi na ya saluni. Saluni wanakutia mawimbi ya nywele ya "permanent" na baada ya miezi mitatu unarudi kutiwa tena. Halafu wana "forever and a day", milele na siku moja. Na wakitaka kusema mtu ameondoka asirudi tena, wanasema ameondoka "for good". Neno kwa neno, ameondoka kwa wema.

Mpe Mama Mikate "Yours forever". Haina nyoka ila mmoja.

Nami nina swali. Herufi zako zimevimba. Zamani barua yako ilikuwa ukurasa mmoja, hii imekuja kurasa nne kwa maneno yaleyale. Miwani niliyokutumia iko wapi?

Mkeo wa ghorofa ya tatu

20 Machi

Mke wangu,

Salamu zimefika na nimezigawa. Baba yako mdogo anauliza kama huko mnakula. Nimemjibu kwa niaba yako kwamba mnakula.

Jiwe limekamilika. Nilichora kwanza kwa penseli, kama kawaida yangu, na Mama Mikate akaja kutazama, akaleta mkate. Akasimama nyuma yangu, halafu akasema, "Fundi, karatasi yangu ina E mbili, jiwe lako lina moja." Kweli, nilikuwa nimeandika "FORVER". Miaka arobaini na moja, mke wangu! Nikafuta, nikasingizia vumbi. Tangu hapo alikuja kila alasiri baada ya kuuza, anakaa kwenye kile kigoda chako, ananisomea herufi moja moja nami nachonga. Mkate wa maziwa, mkate wa nazi, mkate mwingine una mbegu juu, sikuuliza za nini. Siku ya tisa jiwe likasimama makaburini. Alilipangusa kwa kanga yake, akasema marehemu angeona limepinda hata kama halikupinda, ndivyo alivyokuwa.

Ile "forever and a day" imenisumbua. Hiyo siku moja ya ziada ni ya nini? Ya kufungasha? Na "for good" nimeifikiria sana. Wewe umetafsiri "kwa wema". Mimi naona ni kwa heri. Ni maneno yetu kabisa, ila sisi tunayasema asubuhi na mtu anarudi jioni kula. Wao wakiyasema, ndiyo basi tena. Huoni kwamba wametuharibia?

Miwani ipo. Iko mahali pazuri sana.

Babu

2 Mei

Babu, shikamoo, na samahani.

Najua ni wiki sita. Kazi imekuwa nyingi, na nilipata mafua, na stempu ziliisha. Chagua sababu unayoipenda, zote zina ukweli kidogo.

Hapa baridi imeondoka. Ukuta wangu wa matofali umepata jua, saa moja kwa siku, na sote tunagombania kiti changu. Nimeisoma barua yako ya Machi mara kadhaa. Nimehesabu: umetaja mkate mara nne na goti hujalitaja kabisa. Goti limepona, au halina nafasi?

Nataka ushauri wako juu ya mwenzangu mmoja wa kazi. Ametoka mbali kama mimi, mkataba wake unaisha mwezi ujao, na meneja amempa barua ya ajira ya "permanent". Kazi anaipenda. Lakini nyumbani alikotoka kuna mzee mmoja aliyemlea, yuko peke yake, na alimwahidi kwamba ni miaka miwili tu. Hajui la kufanya. Hajamwandikia huyo mzee. Kila akishika kalamu anaandika habari za hali ya hewa.

Ungekuwa wewe, ungemwambiaje?

Mjukuu wako

25 Mei

Kwa mjukuu wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Utaona mwandiko ni mwingine. Mkono unaniuma, basi namsemea jirani naye anaandika. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu, usimsifu sana, ataringa.

Huku hatujambo. Mtoto wa baba yako mdogo ameota meno mawili na anauma. Nimeambiwa hilo nalo kalirithi kwangu.

Kuhusu huyo mwenzako. Mwambie kwamba wazee hawavunjiki kama anavyodhani. Mwambie pia kwamba ni vibaya kumfanya mzee asubiri mtu ambaye moyo wake umeshapanga chumba kwingine. Mzee anaweza kuandaa kitanda, akafua shuka, akanunua chujio jipya la chai. Aandike. Huyo mwenzako nampenda sana, mpe salamu zangu, na mwambie ale.

(Mwandishi: hapa mzee ameomba maji.)

Jambo jingine. Mama Mikate alikuja kuniuliza kama neno likishachongwa kwenye jiwe linaweza kuondolewa. Nikamweleza kwamba huwezi kufuta neno moja. Lazima usage uso wote wa jiwe mpaka ulingane, na jiwe linabaki jembamba. Sababu ya kuuliza ni kwamba kuna mtu amemposa, naye mama ameshaandika "wako milele" kwa mwingine, tena makaburini, tena kwa Kiingereza. Watu watasemaje? Ukiniuliza aliyemposa ni nani, ni mzee mmoja tu, humfahamu.

(Mwandishi: mzee amecheka peke yake. Anasema nisiandike. Nimeandika.)

Nakutakia kazi njema.
Babu yako

Binti yangu, haya ya chini ni yangu mimi mwandishi, yeye hayajui. Si mkono unaomuuma. Haoni. Barua yako ya mwisho nilimsomea mimi, mara tatu. Jicho la kulia limefunga kabisa, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Wiki iliyopita alijigonga kidole kwa nyundo, akaniambia ni mlango. Hataki ujue kwa sababu anasema utarudi kwa ajili ya macho, na yeye hataki mtu arudi kwa ajili ya macho. Nimeona bora unichukie mimi kwa kusema kuliko umlilie yeye kwa kunyamaza.

9 Juni

Babu, shikamoo. Na mwandishi wetu, shikamoo pia.

Leo sina habari za hali ya hewa.

Mama Mikate, maana najua mwandishi ni wewe, naomba umsomee yote, hata atakapokuambia uruke.

Babu, mimi ni fundi miwani. Nakaa na macho ya watu kutwa. Niliona herufi zako zikinenepa tangu mwaka jana na nikanyamaza, kwa sababu ningekuuliza kwa nguvu ungenijibu, na ungenijibu ningelazimika kurudi, na sikutaka kulazimika. Hilo ndilo la aibu. Wewe ulinificha macho ili nisirudi, na mimi sikuuliza ili nisirudi. Tumesaidiana vizuri.

Unavyoelezewa hapo, ni mtoto wa jicho. Huyo anatolewa. Si safari ya mwezini, ni nusu saa, na kesho yake unafunguliwa bandeji. Umekaa gizani mwaka mzima kwa ajili ya kiburi.

Mwenzangu wa kazi ni mimi. Ulijua. Natakiwa kujibu mwisho wa mwezi huu. Nikikataa, narudi na mabegi yangu yote. Nikikubali, sijui narudi lini. Bibi alipofariki uliniambia nyumba ina watu wawili na wanatosha. Nikaondoka, ukabaki mmoja. Nikisema nakaa huku "for good", naogopa kwamba ni kwaheri ile yao, si ile yetu.

Sasa hilo la mzee mmoja tu nisiyemfahamu. Mume wangu, unaniletea mke mwenza bila hata kunishauri? Miaka ishirini na tisa ya ndoa yetu, tangu nikiwa na meno manne, ukiniita mke wangu mbele za watu? Ningejua ningedai angalau kikao cha ukoo. Mama Mikate, karibu, lakini jua kwamba anakoroma, na akishindwa drafti anasema bodi imepinda.

Nijibuni upesi. Wote wawili.

Mkeo mkubwa

24 Juni

Mke mkubwa,

Naandika kwa mkono wangu. Jicho la kulia lina siku sita. Daktari hataki niandike, kwa hiyo hii itakuwa fupi, kisha nitairefusha.

Mama Mikate alinisomea barua yako jikoni kwake, unga ukiwa bado mikononi, na karatasi ina alama za vidole mpaka leo. Alipofika pale uliposema sikuuliza ili nisirudi, alisubiri nimwambie aruke. Sikumwambia. Nilikuwa najua. Lakini kulisikia limesemwa, mjukuu wangu, kulinipumzisha. Tangu Februari tulikuwa tunapita kwenye chumba kimoja tukiviziana.

Kesho yake alinishika mkono mpaka hospitali. Daktari akasema nina mtoto wa jicho. Nikamwambia nina watoto watano, huyu simjui mama yake. Hakucheka. Walipofungua bandeji kitu cha kwanza kuona kilikuwa ukuta, wa kijani, mbaya sana. Nilidhani ningeona kitu cha maana zaidi. Kisha nikamwona yeye. Nilikuwa nimemposa kwa sauti na kwa mikate, uso wake nilikuwa naukumbuka wa zamani, wakati mumewe yupo. Ana mvi upande mmoja. Nikamwambia, akasema, "Wewe je? Umejiona?"

Sasa nikueleze lililokuwa linanitia hofu, na si macho. Ni bibi yako. Nimewachongea watu milele zao zote, lakini jiwe lake lina jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na neno moja, "Asante". Watu waliniona bahili wa maneno. Ukweli ni kwamba nilikaa mbele ya lile jiwe siku kumi na nilipotaka kuchonga "milele" mkono ulikataa. Sikujua mimi mwenyewe nitadumu siku ngapi, nitamwahidije? Asante nilikuwa na uhakika nayo. Basi nilipoanza kumsubiri Mama Mikate kila alasiri, nikaogopa kwamba labda mkono ule ulijua mapema kwamba mimi si mtu wa kudumu.

Nilimweleza yeye haya juzi, tukiwa makaburini, kwa sababu nilikwenda kupima jiwe la mumewe nione kama nikilisaga litabaki na unene wa kutosha. Nilikuwa nimeshatoa rula.

Akasema, "Unafanya nini?"

Nikasema, "Si uliuliza kama linaondoka?"

"Niliuliza kama linaondoka. Sikusema uliondoe." Akachukua rula mkononi mwangu. "Huyu nilimwahidi nikiwa na akili zangu, na sijamnyang'anya. Milele yake anayo. Wewe sina milele ya kukupa, fundi. Nina asubuhi zilizobaki, na ninaamka mapema."

Nikamwambia zinanitosha. Tukarudi kwa miguu, yeye ameshika rula kama mwalimu.

Ndoa ni tarehe mbili Agosti, kimya kimya, watu kumi na wawili, baba yako mdogo ameshakasirika kwamba ni wachache.

Na kuhusu kazi yako. Kubali. Sisemi hivi kwa ushujaa. Nimelia, na kulia na jicho lililopasuliwa ni marufuku, kwa hiyo nimelia la kushoto tu. Lakini kubali.

Babu

11 Julai

Babu, shikamoo. Bwana harusi, hongera.

Barua yako imefika siku kumi baada ya mimi kuweka saini. Nilisubiri mpaka tarehe thelathini saa kumi jioni, posta haikuleta kitu, meneja amesimama mlangoni na koti lake. Nikawaza, ningekuwa nakuuliza uso kwa uso ungesema nini, na nikasikia sauti yako ikiniambia nile. Nikasaini. Nimefurahi kwamba tulikubaliana bila kupata barua.

Usilie tena, hata la kushoto. Niliusoma huo mkataba wa "permanent" mpaka mwisho. Ukurasa wa sita unasema kwamba upande wowote unaweza kuuvunja kwa taarifa ya siku thelathini. Nikamwonyesha meneja, nikamuuliza hii ndiyo milele yenu? Akasema ndiyo, na kwamba ni bora kuliko ya wengine. Basi niko mwezi mmoja kutoka nyumbani, kila siku, maisha yangu yote.

Siku ya harusi sitaweza kuja, aliyeanza mkataba mpya bado hapewi likizo. Nilikaa na hilo jioni nzima, na sitalizungushia maneno: limeniuma. Lakini nimepata chumba kikubwa zaidi, kina kitanda cha pili, na dirisha lisilotazama ukuta. Naomba uje. Oktoba, wiki tatu. Nimeambatanisha barua ya mwaliko, ipeleke ubalozini. Ulipoagana nami kituoni ulimpungia mkono msichana mwingine mwenye begi jekundu, mimi nilikuwa kulia kwako, nikadhani umechanganyikiwa kwa huzuni. Nataka safari hii unione.

Mama Mikate, sharti langu ni moja tu: asivae lile koti la kahawia siku ya ndoa.

Mkeo mkubwa

15 Septemba

Mke wangu wa ng'ambo,

Marahaba. Mimi mzima, mke mwenzako mzima, anakusalimu na anasema koti alilichoma, lakini nimeliona kabatini. Jicho la kushoto nalo limetolewa wingu lake. Sasa naona vumbi lote la karakana, na sikujua kwamba nimeishi hivyo. Baba yako mdogo alitoa hotuba ya dakika arobaini kwa watu kumi na wawili. Mtoto wake aliniuma.

Jana nilikwenda ubalozini. Mama Mikate alifunga duka akanisindikiza. Tulikaa benchi moja kwa muda wa saa tatu, halafu nikaitwa dirishani. Binti aliyekuwa nyuma ya kioo umri wako, amechoka, hana hata haja ya kuinua macho. Akauliza nakwenda kwa nani, nikasema kwa mjukuu. Kufanya nini? Nikasema kumwona, maana mara ya mwisho nilimpungia mkono mtu mwingine. Hapo akainua macho.

Akauliza kwa muda gani. Nikasema wiki tatu. Akasema wote wanasema wiki tatu, na wengine wakifika hawaonekani tena. Akataka kujua nina kitu gani cha kunirudisha. Nina ajira? Nikasema nachonga mawe ya makaburi, wateja hawana haraka. Nina shamba? Sina. Akaweka kalamu chini, na mimi, mjukuu wangu, nikakiona kile kitanda chako cha pili kikiwa kitupu.

Nikamwambia, "Nina mke. Wiki sita sasa."

Akanitazama mvi, akatazama fomu, akatazama mvi tena. Kisha akainama kwenye kile kitundu cha kioo akamwita Mama Mikate kutoka kwenye benchi. Akamuuliza, "Mama, huyu mzee atarudi kweli?"

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza. Mwenzako hakuharakisha, alijifunga kanga vizuri kwanza.

"Atarudi," akasema. "Viatu vyake vizuri nimevificha."

Mhuri umegongwa. Nafika Jumamosi tarehe nane Oktoba, saa nne asubuhi. Njoo mapema, usimame mbele, na ukiona viatu vyangu usijifanye hunijui.

Mumeo